Hodi Kwenye Nyumba ya Ndege



Mwishoni mwa mwezi wa Novemba palifungwa karatasi kwenye nguzo ya taa iliyo karibu na kituo cha basi, pale ambapo wengi wetu hushuka tukirudi kazini. Ilikuwa karatasi ya kawaida, yenye maandishi madogo, imetiwa ndani ya plastiki isilowe mvua. Ilikaa pale wiki nzima, nasi tukiipita asubuhi na jioni, hadi mmoja wa wazee wetu aliposimama akaisoma mpaka mwisho. Kumbe ilikuwa na habari ya kinamasi kilicho nyuma ya nyumba zetu. Yalikuwa yametolewa maombi ya kujenga jukwaa la mbao ukingoni mwa maji, ili watu wapate kuwatazama ndege. Na kila mwenye neno alitakiwa alipeleke kwa halmashauri kabla ya tarehe iliyotajwa.

Jambo hili lilizungumzwa baada ya sala ya Ijumaa, na maoni hayakuwa mamoja. Mama mmoja alifurahi. Alisema watoto wetu wamefungiwa ghorofani, ndege wanawajua kwa televisheni, na kama jukwaa litajengwa basi na lijengwe karibu kabisa na maji ili wamwone ndege macho kwa macho. Ndugu mwingine alikasirika. Alisema katika mji ambao watu wanangoja nyumba kwa miaka, fedha za kuwajengea watazamaji ndege zimetoka wapi? Wa tatu alisema haya ni mambo ya wenyeji, sisi ni wageni, tusijitie.

Sisi tulifundisha kwa miaka mingi, na tulizoea kuwaambia wanafunzi wasome swali kabla ya kuandika jibu. Tuliona vema tuende kwanza mahali ambapo jambo kama hili limekwisha kufanywa, tukaone kwa macho yetu. Basi Jumamosi moja ya Disemba tulikusanyika, wakubwa na watoto, tukapanda treni ya chini ya ardhi mpaka stesheni ya Tottenham Hale, kaskazini-mashariki ya London. Kutoka hapo ni mwendo wa miguu wa dakika chache tu hadi lango la Walthamstow Wetlands.

Asiyepajua mahali hapo hudhani ni ziwa, lakini yale si maziwa aliyoyaumba Mola katika hali ile. Ni mabwawa 10 yaliyochimbwa na watu kati ya mwaka 1853 na 1904, ili mashariki ya London ipate maji. Eneo lote ni hekta 211, na mpaka leo maji yake hutumika kuwapatia wakazi wa mji maji ya kunywa. Kwa zaidi ya miaka mia moja palizungushwa uzio. Waliopata kuingia ni wafanyakazi wa maji, na wavuvi na wapenda ndege wachache wenye vibali. Katika utulivu huo ndege walihamia. Korongo wakajenga viota juu ya miti ya visiwa vilivyo katikati ya mabwawa, hata pakawa miongoni mwa makao makubwa ya korongo wa kijivu katika Uingereza. Bata wa aina kwa aina wakafanya pale makazi yao ya majira ya baridi. Mwaka 2000 bonde lile la Lee, pamoja na mabwawa haya, liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, yaani ule mkataba wa kuhifadhi ardhi oevu uliotiwa saini katika mji wa Ramsar, nchini Irani, tarehe 2 Februari 1971.

Kisha ukaja uamuzi wa kuwafungulia watu wote. Tarehe 20 Oktoba 2017 lango lilifunguliwa, na kiingilio hakuna. Hapo ndipo lilipo fumbo tulilokwenda kulitazama: vipi watu wafunguliwe mlango mmoja, na ndege wasitoke kwa mlango wa pili?

Jambo la kwanza tuliloliona ni jengo la zamani la matofali, lililojengwa mwaka 1894 kwa ajili ya mitambo ya kusukuma maji, ambalo sasa ni mahali pa kupokelea wageni. Ubavuni mwake pana bomba refu lililojengwa upya, lakini halitoi moshi. Limetobolewa matundu 54 ya mbayuwayu, wale weusi wenye mabawa kama mundu ambao hupitisha karibu maisha yao yote hewani. Siku ile matundu yalikuwa matupu, kwa kuwa mbayuwayu hao hufika Uingereza mwezi wa Mei na kuondoka kabla ya Agosti kwisha, wakaenda kukaa Afrika, wengi wao katika anga ya Kongo. Mtoto mmoja aliuliza, kama hawapo, mbona nyumba zao zinatunzwa? Babu yake akamjibu kwamba nyumba ya msafiri haivunjwi kwa sababu msafiri hayupo. Wazee tulitazamana, kwani hakuna kati yetu asiyekuwa na nyumba ya namna hiyo mahali fulani.

Tukashika njia ya kuzunguka mabwawa. Mbwa hawaruhusiwi mle, isipokuwa wale wanaowaongoza wenye ulemavu. Visiwa vyenye viota havina daraja. Sehemu nyingine majani na matete yamefanya pazia kati ya mtu na maji, na pazia hilo lina uwazi mahali maalumu. Hapo ndipo palipotokea kisa kilichotufundisha kuliko maandishi yote ya kwenye vibao. Mmoja wa vijana wetu, mwenye koti jekundu, alitangulia mbio, akatokeza penye uwazi huku akiwaita wenzake kwa sauti. Bata waliokuwa karibu, pengine mia moja au zaidi, wakaruka kwa pamoja. Watoto wakapiga makofi, kwani kwao ilikuwa tamasha. Lakini tulipofika sote pale uwazini, mbele yetu palibaki maji matupu.

Mzee mmoja Mwingereza alikuwa ameketi karibu na darubini yake. Hakumkemea mtoto. Alitueleza kwa upole kwamba bata wale walikuwa wanakula, na kwamba kuruka ni kazi inayokula nguvu nyingi kuliko kazi zote za ndege. Siku ya Disemba ni fupi na maji ni baridi. Bata anayefukuzwa mara moja atavumilia. Anayefukuzwa kila nusu saa hutumia nguvu nyingi kuliko anazopata, akakonda, na mwisho huhama au hufa. Sisi Waislamu tunaoishi nchi hii hatuhitaji kuelezwa ufupi wa siku za Disemba. Ndizo siku ambazo hujamaliza kukunja mswala wa adhuhuri, alasiri imekwisha kuingia. Katika saa hizo hizo chache bata naye ana riziki ya kutafuta.

Mwisho wa matembezi tulifika kwenye mnara wa Coppermill, ulio juu ya jengo ambalo mwanzoni mwa karne ya 19 lilikuwa kiwanda cha shaba. Juu ya mnara huo ndiko walikotengeneza jukwaa la kutazamia. Tulipanda, na kutoka juu mabwawa yote yakakunjuka mbele yetu kama mkeka, na majumba marefu ya London yakaonekana kwa mbali. Waliopanga mahali hapa hawakuupeleka mnara majini, wala hawakujenga mpya. Walichukua jengo ambalo ndege wameliona tangu enzi za mababu wa mababu zao, wakaweka watu juu yake. Kwa ndege hapakuongezeka kitu. Kwa watu palifunguka dunia nzima.

Tulipokaa kupumzika, ndugu mmoja aliyefanya kazi Dubai kwa miaka mingi alituhadithia habari za Ras Al Khor, mwisho wa ile hori inayopita katikati ya mji. Pale pana heroe, yaani flamingo, wanaochota chakula matopeni, na nyuma yao yamesimama maghorofa na barabara kuu zenye magari mchana na usiku. Eneo hilo liliandikishwa Ramsar mwaka 2007. Alisema mgeni haendi matopeni. Hukaa ndani ya kibanda kilichowekwa pembeni, akachungulia kwa madirisha, na heroe huendelea na shughuli zao. Kinachomtisha ndege, alituambia, si gari lipitalo daima mbali naye. Ni mtu mmoja anayetokeza ghafla kwa miguu.

Naye bibi mmoja wa Unguja alitukumbusha Jozani, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004, ambako karibu na Pete limejengwa daraja la mbao ndani ya mikoko. Daraja hilo limesimama juu ya nguzo, maji ya bahari hujaa na kupwa chini yake, na kaa hupita watakako. Lau wangejaza kifusi ili kufanya njia, alisema, wangeuziba mkondo wa maji, na mikoko upande mmoja ingekufa. Na sehemu ya mapato ya wageni hurudi kwa wanavijiji, nao wakawa na sababu ya kuilinda mikoko yao.

Ndugu wasomaji, tuliporudi nyumbani tuliuchukua mchoro wa jukwaa la kwetu kutoka maktaba, tukautandika mezani, na sasa tuliweza kuusoma. Jukwaa lilichorwa likitokeza hatua kadhaa ndani ya matete, mahali ambapo ndege hutaga. Njia ya kuliendea ilipita wazi juu ya tuta, kiasi kwamba kila aendaye angeonekana dhidi ya anga tangu mbali, na ndege wangekwisha kuruka kabla mtazamaji hajafika. Wachoraji hawakuwa na nia mbaya. Walifikiri kama alivyofikiri yule mama wa Ijumaa, na kama sisi sote tulivyofikiri, kwamba kuona vizuri ni kusogea karibu.

Hapa ndipo tulipozikumbuka nyumba za kwetu pwani. Wazee walipojenga waliweka baraza nje, mbele ya mlango. Mgeni hukaa pale, akanywa kahawa na kuzungumza, na wa ndani wakaendelea na shughuli zao wamesitirika. Baraza haikujengwa kumfukuza mgeni, wala haikujengwa kumfikisha kwenye chumba cha watoto. Na adabu ya kubisha hodi hatukuitunga wenyewe. Tumeamrishwa katika Surat an-Nur. Qur'ani hiyo hiyo, katika Surat al-An'am, imewahesabu ndege kuwa ni umma kama tulivyo sisi. Tena imepokewa na Abu Daud kwamba baadhi ya Masahaba walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akipigapiga mabawa kwa uchungu, na Mtume (S.A.W.) akauliza ni nani aliyemsikitisha kwa ajili ya wanawe, akaamuru warudishwe.

Tofauti ni kwamba mwenye nyumba huyu hawezi kujibu "karibu" wala "subiri kidogo." Jibu lake ni moja tu, nalo ni kuruka, na likishatolewa limetolewa, jukwaa limekwisha kujengwa na fedha zimekwisha kutumika. Kwa hiyo hodi yake hubishwa mapema, kabla ya msumari wa kwanza. Hubishwa kwa kuwahesabu ndege mwaka mzima, ili ijulikane nani hukaa wapi na katika majira gani, maana bwawa la Januari si bwawa la Juni. Baada ya hapo ndipo mchoraji ashike kalamu.

Tuliandika barua, na mambo tuliyoyaomba ni haya. Kwanza, jukwaa lirudishwe nyuma, liwekwe juu ya njia ya zamani ambapo watu hupita tangu hapo, na darubini ifanye kazi ya kusogeza. Pili, njia ya kuliendea ifichwe kwa uzio wa matete, na mbele ya jukwaa pawe na ukuta wa mbao wenye madirisha. Baadhi ya madirisha yawe ya chini, kwa ajili ya watoto na wanaotumia viti vya magurudumu, na njia isiwe na mpando mkali. Tatu, lisimame juu ya nguzo bila ya kifusi wala taa za usiku, na litazame kaskazini ikiwezekana, ili jua la nchi hizi liwe mgongoni mwa watazamaji lisiwapige machoni.

Nne, lijengwe katika wakati wake. Jambo hili lilituchukua jioni nzima kulielewa. Ndege hutaga na kulea takriban kuanzia Machi hadi Agosti, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kiota kinachotumika. Baada ya hapo, vuli inapoingia, bata wa kaskazini huanza kuwasili kwa ajili ya baridi, nao wana haki ya kutulia. Baina ya wanaoondoka na wanaofika hubaki wiki chache tu, mwisho wa kiangazi. Fundi asiyejua kalenda hiyo atakuja na misumeno yake siku mbaya kuliko zote, na atasema hakuambiwa.

Tano, tuliuliza nani atalitengeneza. Mbao za mahali penye maji huoza na huteleza, na jukwaa lililovunjika ubao mmoja hufungwa, kisha watu hutoboa njia zao ndani ya matete. Jukwaa jema huwakusanya watu mahali pamoja. Likifa huwatawanya kila mahali, na hasara yake ikawa kubwa kuliko kama lisingejengwa.

Yule mama alitia sahihi baada ya kuhakikishiwa kwamba madirisha ya chini yameandikwa. Alisema hakutaka ukaribu kwa ajili ya ukaribu, alitaka mwanawe aone. Ndugu aliyesema habari za nyumba hakutia sahihi. Tulimweleza kwamba gharama ya mbao zile haijengi hata chumba kimoja, naye akajibu kwamba si hesabu inayomuuma, bali ni kuona barua ya ndege inajibiwa haraka na barua yake ya kuomba nyumba haijibiwi. Hatukuwa na la kumjibu. Tulikubaliana kwamba mkono uliojifunza kuandika barua hii utaandika na ile nyingine, na kazi hiyo tumeianza.

Majibu ya halmashauri hayajatoka tunapoandika haya, na yawezekana ombi letu likakataliwa. Lakini ni vema wasomaji wajue njia ilivyo, kwani karatasi kama ile hufungwa kwenye nguzo za mitaa yote ya nchi hii. Kutoa maoni hakuna malipo, wala hakuhitaji uraia. Muda wake kwa kawaida ni siku 21. Jina la mwandishi na maneno yake huweza kuonekana hadharani, basi yaandikwe kwa staha. Na yaandikwe yale ambayo idara ya mipango huyapima, kama vile wanyama, maji, kelele, magari na usalama. Kulalamika kwamba thamani ya nyumba yako itashuka hakusaidii kitu.

Ama kwa ndugu yetu aliyesema sisi ni wageni tusijitie, wahenga walikwisha kumjibu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hapa siku ya tatu imepita zamani. Watoto wetu wamezaliwa karibu na kinamasi kile, na ndege wanaokijia kila msimu, kama sisi, wametoka mbali.

Yule kijana wa koti jekundu ametuomba tumrudishe Walthamstow mwezi wa Mei, mbayuwayu watakapofika. Amesema safari hii atatembea polepole. Inshaallah tutakwenda, na atakaye kufuatana nasi anakaribishwa.

Wabillahi tawfiq.